Mwalimu Aliyeifunika Barafu Blanketi

Mwalimu alichukia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Mwezi wa saba, Louisville ikichemka mpaka lami inanata kwenye viatu, yeye alikuja kanisani na sweta mbili, ya bluu ndani na ya kijivu juu, na kitenge juu ya zote. Maji ya baridi hakunywa. Ukimkaribisha soda aliiweka kwanza dirishani, juani, ipate kile alichokiita akili. Mimi ndiye niliyempa lifti siku nyingi, na ndani ya gari langu alikataza kiyoyozi, kwa hiyo nilifika nyumbani nimelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima. Na mwanamke huyo huyo, kila Jumamosi asubuhi, alishuka ngazi za chini ya kanisa amekumbatia mfuko mkubwa wa barafu, akiwaita watoto wetu waje waishike.

Ukoo wake na alikozaliwa ataeleza mwenyewe akitaka. Mimi nitasema niliyoyaona.

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa Marekani hakuwa mwalimu wa mtu. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Huko kwao, kwenye milima ya Kivu Kusini, alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kabla vita haijamfukuza. Alipofika Louisville akaambiwa vyeti vyake havitambuliki na Kiingereza chake hakitoshi. Akasema, "Bon," yaani sawa, akaenda kuwaogesha wazee. Lakini mtu akijaribu kumwita kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama wanavyoitwa kina mama wote, hakugeuka.

"Mi nataka darasa moja tu," aliniambia siku moja ndani ya gari. "Yenye mulango, na batoto ndani. Kisha Mungu aniite, nitaenda bila maneno."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akitazama barabara. Nilijua hatanii. Kuna watu wanaoomba nyumba, wengine wanaomba watoto wao wafike huku. Yeye ombi lake lilikuwa hilo, na umri ulikuwa unakwenda.

Mchungaji alimpa chumba cha chini ya kanisa kila Jumamosi, awashike watoto wadogo wazazi wakiwa kazini. Miaka ile, 2014 na 2015, wengi wetu tulikuwa kwenye maghala, tunapakia maboksi, na Jumamosi ni siku kama nyingine. Tulitegemea atawaimbisha na kuwalaza. Yeye akaleta barafu. Mpishi wa nyumba ya wazee alimruhusu achote kwenye mashine ya jikoni akimaliza zamu, naye akaipakia kwenye kiti cha nyuma cha gari langu na kuifunga mkanda.

"Mama, hiyo ni barafu, si mtoto," nilimwambia.

"Ikianguka, nani ataniletea ingine?"

Nilipomuuliza kwa nini barafu na si herufi, alinisimulia habari ya mvua ya mawe. Shule yao kule milimani ilikuwa na paa la bati. Mvua ya mawe ikishuka, hata ukipiga kelele mtoto wa mbele hakusikii. Walimu wengine waliwaambia watoto walaze vichwa mezani, wangoje. Yeye alingoja ipungue kidogo, kisha akawatoa nje mbio, kila mmoja aokote jiwe moja la barafu na kulirudisha darasani kabla halijaisha mkononi. Ndipo maswali yalipoanza. La nani limeisha kwanza, na kwa nini? Aliyekimbia? Aliyelifumba? Aliyeliweka kwenye majani? Alisema hajawahi kuwa na kitabu cha sayansi hata kimoja, na hajawahi kukosa somo la sayansi msimu wa mvua.

"Sasa hapa Amerika barafu iko inatoka mu mashine saa yote," akasema. "Donc, basi, hatuna sababu ya kungojea mawingu."

Nilimwona akifundisha mara nyingi, kwa kuwa zamu yangu ilipofutwa nilibaki pale badala ya kurudi kulala. Alikuwa na njia yake. Usiku wa kuamkia Jumamosi aligandisha vitu ndani ya bakuli la maji: kifungo, kijiko kidogo, mbegu ya parachichi, ng'ombe wa plastiki. Asubuhi anampa kila mtoto bonge lake na kusema ng'ombe amefungwa, mtoeni. Hakusema kwa njia gani. Mmoja alipuliza, mwingine alilikalia, mwingine alilipiga na kiatu. Binti yangu Neema, aliyekuwa na miaka minne na hakuwa akisema neno mbele ya watu, alilamba lake kwa muda mrefu akitafakari. Mwalimu akapita akaweka mezani chumvi na kikombe cha maji ya vuguvugu kana kwamba amevisahau, akaenda zake.

"Musiniamini," aliwaambia. "Muguse. Jibu iko mu mikono yenu, mi sitawaambia."

Hilo la musiniamini liliwashangaza watu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa imani kuliko sisi sote. Akishika maombi, chai inapoa. Lakini mle chini hakuruhusu mtoto amwamini mtu. Mtoto akisema chumvi inayeyusha barafu kwa sababu Mwalimu amesema, alimrudisha mezani akaanze upya. Siku moja alimwonyesha Neema kulaza uzi juu ya kipande cha barafu, kunyunyiza chumvi, kuhesabu polepole, kisha kuinua. Kipande kikanyanyuka na uzi, kimeshikamana. Neema akamtazama, akauvua uzi, akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu akanigeukia, amejaa furaha, akaninong'oneza, "Umeona? Haniamini."

Kusifu alikuwa bahili. Alisema mtoto anayesifiwa katikati ya njia anakaa chini apumzike. Na aliwafundisha kwamba kujisifu ni dhambi, lakini yeye mwenyewe alikuwa na majivuno ya jogoo. Akikuelezea somo lililokwenda vizuri alisimama, akarusha kitenge begani, akakuigizia kila mtoto na sura yake. Ukimkumbusha habari ya dhambi anasema, "Iyo si kujisifu, iyo ni ripoti."

Maneno yalipoanza, yalianzia kwa Mama Riziki, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mwema mwenye sauti ya kengele. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekohoa juma zima, na kila mtu wa kwetu anajua kikohozi kinatoka wapi. Kinatoka kwenye baridi. Sisi ni watu ambao mtoto akitoka hospitali Agosti anavishwa kofia, soksi, sweta na blanketi mbili, na wauguzi wa Kizungu wanatazamana. Sasa mtu anamshikisha barafu kwa makusudi.

"Batoto yetu si nyama ya kuweka mu frigo," Mama Riziki alimwambia mbele ya akina mama wote, baada ya ibada. "Baridi inaingia ku vidole, inashuka ku mapafu. Mwalimu muzima, hujui ile?"

"Mi najua ile yenye nimegusa," Mwalimu akajibu.

"Basi gusa yako."

Akina mama wakacheka, na kicheko kile kilimuuma, nilimwona. Jumamosi iliyofuata walikuja watoto wanne tu, na Neema mmoja wao. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimkagua vidole kila jioni. Mchungaji, ambaye hapendi ugomvi, akamwita Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba akina mama wakiendelea kukataa, chumba kitafungwa. Angempa Jumapili moja ya kusema na watu, basi. Nilipompeleka nyumbani siku ile alisahau hata kunikataza kiyoyozi.

Jumapili ile alikuja na vipande viwili vya barafu alivyogandisha kwenye vikombe viwili vya chai vilivyofanana. Kabla ya mahubiri akasimama mbele. Kimoja akakiweka kwenye sahani, uchi. Kingine akakitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akatoa kapu lililojaa nguo za mtoto mchanga na kumwita Mama Riziki.

"Kanisa yote inajua hakuna mwenye anafunika mutoto kukupita," akasema. "Nifunikie huyu. Vizuri, sawa mutoto ya juzi."

Mama Riziki hakuwa mtu wa kukataa sifa mbele za watu. Akapanda. Akaivika ile barafu kitambaa cha flana, sweta, sweta nyingine, kofia, akaizungushia blanketi moja na kuikaza kwa mikunjo yake ile ya ustadi, kisha la pili. Alikuwa akitabasamu, maana alishaona mwisho wake. Mwalimu akauliza kanisa: ni ipi itakayogeuka maji kwanza? Mikono ikainuka karibu yote kwa iliyofunikwa. Mzee mmoja alisema waziwazi kwamba hii haihitaji elimu, blanketi lina joto. Mimi pia niliinua mkono, na Neema akaushika na kuushusha. Wale watoto wanne walikuwa wameshajaribu kule chini kwa kutumia soksi, na Mwalimu alikuwa amewakataza kusema. Walikuwa wanapasuka.

Basi Mchungaji akahubiri. Wanaojua ibada zetu hawahitaji kuelezwa. Feni ilikuwa mbovu. Alipomaliza ziliimba kwaya tatu, wakakaribishwa wageni kutoka Columbus kila mmoja kwa jina na wimbo, ikaja sadaka, yakaja matangazo, na tangazo la kusahihisha tangazo. Kufika hapo sahani ilikuwa na maji matupu, na mtoto wa mtu alikuwa ametia kidole anachora.

Mwalimu akamkabidhi Mama Riziki kile kitoto chake. Mama Riziki akafungua blanketi la kwanza. Akafungua la pili, taratibu sasa. Akavua kofia, sweta, na sweta. Alipofika kwenye flana akashtuka akarudisha mkono. Barafu ilikuwapo. Ilikuwa imepungua pembeni na kuzungukwa na maji kidogo ndani ya mfuko wake, lakini ilikuwapo, ngumu, na aliponyanyua mfuko ikagonga kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia.

"It's still there!" Neema akapiga kelele, mtoto ambaye kanisa zima halijawahi kumsikia sauti. "Mama, it's still there!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia hata arusini. Nilikuwa nalia na kucheka, sijui kwa ajili ya barafu au kwa ajili ya mtoto wangu. Mwalimu alingoja wanyamaze. Kungoja alikujua.

"Blanketi haina moto," akasema. "Blanketi ni mulinzi ya mulango. Moto yenye iko inje, inabakia inje. Njo maana barafu imelala salama. Na moto yenye iko ndani ya mutoto, inabakia ndani. Donc moto ni ya mutoto yako, Mama Riziki. Mungu aliiweka mule. Akishika barafu kidogo, mukono inapoa, anaupanguza, moto inarudia. Hapana kuogopa."

Mama Riziki alitazama barafu, akamtazama Mwalimu. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Bon," akasema mwishowe. "Lakini akimaliza kushika, avae gants ku mikono."

"Atavaa," Mwalimu akasema.

Mchungaji alisimama kufunga ibada akasema leo yeye amehubiri nusu na barafu imehubiri nusu. Mwalimu hakuiacha ipite. "Pasta," akamwambia, "ungehubiri kifupi, mi ningeshindwa." Kanisa likaangua kicheko, na Mchungaji akacheka kuliko wote. Jumamosi iliyofuata Mama Riziki alileta watoto wake wawili na wa dada yake watatu, wote na gants, na chumba kikawa kidogo. Ripoti ya ushindi ule Mwalimu alinipa ndani ya gari kwa majuma mengi, mpaka nikaijua kwa moyo.

Baadaye mimi na mume wangu tulihamia Whitehall, upande wa mashariki wa Columbus, tukifuata kazi, na mwaka uliofuata Mwalimu akaja kuishi na mwanawe mkubwa kwenye majengo yale yale tuliyokuwa tukikaa. Huko hakukuwa na chumba cha kanisa. Darasa likawa sebuleni kwangu, na wakati wa baridi likahamia mlangoni, yeye akifundisha kutoka ndani, kioo kimefungwa, akiwaelekeza watoto kwa vidole. Jioni moja ndoo yake ilipinduka kwenye ngazi yetu. Nikamwambia kwa mzaha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi Neema na wenzake waliyabandua yale maji, yaliyoganda usiku, kama sahani, wakayabeba kwa mikono miwili mpaka kwangu.

"Nani alisema hayazoleki?" Mwalimu akauliza, amesimama mlangoni na majivuno yake yote.

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa sababu kipande kilichobaki ngazini kilimtelezesha na chakula chake cha kazini. Mwalimu akampa pole, akawaita watoto, akawauliza baba ameteleza kwa nini, na tuweke nini asiteleze tena. Wakakimbilia chumvi yangu, kopo zima.

Hapo Whitehall ndipo aliposomea cheti cha kufundisha watoto wadogo, mchana kwenye ghala, jioni na vitabu na mjukuu wa kumsomea Kiingereza. Mara ya kwanza alishindwa, na alishindwa kwa adabu. Mtahini aliyemhoji ana kwa ana alikuwa mwanamume, mkubwa kwa cheo, na Mwalimu akajibu maswali yake yote akiwa ameinamisha macho kama alivyofunzwa kwao kumjibu mtu unayemheshimu. Yule akaandika kwamba hana uhakika na anachosema. Akaja kunieleza.

"Mama, hapa inabidi umtazame machoni," nilimwambia.

"Nimutazame sawa mwizi?"

"Hivyo hivyo."

Mara ya pili alimtazama sawa mwizi, akafaulu. Lakini cheti si darasa. Aliomba kazi Columbus nzima, wakamjibu vizuri, hakuna aliyemwita. Nilianza kuogopa kwa niaba yake. Mwishowe bintiye, anayekaa Buffalo, kwenye mtaa wa Lower West Side, akasema kuna shule ya watoto wadogo inayotafuta msaidizi anayejua lugha za wakimbizi wa huko. Msaidizi, yaani wa kufuta pua na kupanga viti. Mwalimu akafungasha sweta zake akaenda kwenye mji unaosifika kwa theluji kuliko yote tuliyoijua. Kwenye simu aliniambia tu, "Niko naangalia mulango."

Nilimwona tena baada ya miaka miwili hivi. Binamu yangu alikuwa anaolewa Buffalo, kwenye kanisa moja huko Kensington-Bailey, nikafika siku moja kabla, Ijumaa, nikamwomba dereva anipitishe kwanza shuleni kwa Mwalimu. Theluji ilikuwa magotini. Mwanamke wa mapokezi alinipeleka mpaka kwenye mlango wa darasa, na nikasimama pale nikisoma. Ilikuwa karatasi ya rangi iliyokatwa kwa mkasi, imebandikwa juu kidogo ya kitasa, na jina lake lote limeandikwa humo, halikukosewa herufi, na juu ya jina neno la Kiingereza la mwalimu. Nikauliza kama bado ni msaidizi. Mwanamke yule akashangaa. Akasema hapana, tangu mwaka wa shule ulipoanza hili ni darasa lake, na msaidizi ni yule binti aliye naye humo.

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni. Watoto walikuwa wamekaa chini kwenye zulia wakiimba na yule binti msaidizi: wa Kikongo, wa Kisomali, wa kutoka Burma, wa Puerto Riko, Wamarekani weusi na weupe. Mwalimu mwenyewe alikuwa ametoka nje na mfagizi kuvunja vigogo vya barafu vinavyoning'inia kwenye ukingo wa paa. Alitoka nje kwenye baridi ile, yeye, kwa miguu yake.

Mlango ukafunguliwa akaingia na ndoo imejaa, theluji kwenye kope.

Nikasimama. Sikuwa nimekusudia. Miguu ilijikusanya yenyewe, mikono ikashuka ubavuni, kama tulivyosimama shuleni kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, mwalimu anapoingia. Nilikuwa mama wa watoto watatu, nimesimama wima mbele ya watoto wa miaka minne waliokaa. Wakanitazama. Kisha msichana mmoja wa Kikongo, ambaye nadhani mama yake alimsimulia desturi hiyo, akasimama. Mvulana wa Kisomali akamwona, akasimama. Halafu wote, hata wale wa hapa ambao hawajawahi kusimama kwa heshima ya mtu, wakainuka kutoka kwenye zulia, na yule binti msaidizi naye akainuka, hajui kwa nini.

Mwalimu alibaki mlangoni ameshika ndoo. Tangu milimani kwao hakuna darasa lililokuwa limesimama kwa ajili yake. Alitupitisha macho mmoja mmoja, taratibu, na hakuinamisha uso ingawa machozi yalikuwa yanashuka.

"Mukae," akasema.

Watoto wakakaa, hata wale wasiojua neno moja la Kiswahili, nami nikakaa, na Mwalimu akaweka ndoo mezani akaanza somo.